Kijiko Kimoja kwa Tanki

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Nesi,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama na sindano mkononi, mchome huyo mgonjwa umalize ndipo usome, maana barua yangu haisomwi na mtu mwenye haraka. Mwandiko utanisamehe. Shule mimi niliishia darasa la tatu, na kalamu yenyewe kaniazima dereva wa gari la dawa, ananiangalia kama vile nitaitafuna.

Tanki limefunguliwa. Bomba nne, unazungusha, maji yanatoka. Wazee wazima wamecheza kama watoto. Mimi mwenyewe nilifungua nikafunga, nikafungua nikafunga, mpaka mwenyekiti akaniambia, "Redio, hilo bomba halijaja kuchezewa." Nikamwambia, mwenyekiti, miaka arobaini na nane nimeteka maji mtoni, nimepanda mlima na ndoo kichwani na mimba tumboni, leo niache nicheze.

Na kazi nimepata kweli, asante kwa kuniombea kule wilayani. Yule fundi wa maji alitufundisha siku mbili. Kazi ni hii: kila tanki likijaa, nachukua kijiko kikubwa kimoja cha ile dawa nyeupe, nakoroga kwenye ndoo, namimina tankini, nasubiri nusu saa. Halafu nakinga maji kwenye kikombe kidogo, natia kidonge, yakigeuka rangi ya waridi ni salama. Kisha naandika kwenye daftari: tarehe, kijiko, rangi. Na zile paketi za chumvi na sukari za wanaohara zinakaa kwangu, kwenye sanduku, kwa sababu zahanati ni nusu siku kwa miguu. Mzee wangu ananiita Daktari sasa. Ananiita hivyo akitaka chai.

Ila kuna neno. Dawa inanuka. Jana kwenye foleni mke wa mwenye duka kasema, mbele ya watu, "Redio, mume wangu ameniuliza kama chai nimeipika au nimeifua." Watu wakacheka mpaka ndoo zikaanguka. Nikacheka na mimi, nifanyeje. Wawili wamesharudi mtoni. Aliyenitetea ni Mama Uji peke yake, jirani yangu, yule mjane ambaye sasa ameweka sufuria lake la uji pale karibu na bomba. Kasema, "Harufu haijaua mtu." Mama yake kikongwe, Bibi, macho yamemwingia ukungu, lakini naye anakunywa na kusema tamu.

Nisalimie wagonjwa.

Dada yako,
Redio


Tarehe 11 Machi

Dada,

Barua nimeipata, nimecheka, nimeisoma mara mbili. Sasa nisikilize kwa makini kuliko unavyosikiliza mambo ya majirani.

Kijiko kimoja kilichojaa. Si nusu, si ncha, si siku moja kuruka siku moja. Kila tanki linapojaa. Watu watalalamika wiki tatu, halafu watazoea. Pua inazoea. Utumbo hauzoei.

Mimi ndiye niliyesema jina lako mbele ya daktari mkuu. Wapo waliotaka mtu aliyesoma. Nikasema dada yangu hajasoma lakini anapendwa na kila mtu, na dawa ya maji inahitaji mtu anayependwa. Usiniangushe.

Mdogo wako,
Nesi


Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu Nesi,

Usijali kuhusu malalamiko, yamekwisha. Nimepata njia yangu ya kuwanyamazisha na sasa foleni ni kama harusini. Mke wa mwenye duka kaniletea kanga mpya, hajaivaa hata mara moja. Waliorudi mtoni wamerudi bombani. Mwenyekiti kwenye mkutano kasema, "Tazameni Redio, anafanya kazi yake na hatusikii harufu." Nikainamisha kichwa kama bibi harusi, lakini moyoni nilikuwa nacheza.

Sasa nikupe habari. Fundi cherehani na mke wake wamerudiana, tena, hii ni mara ya nne, na safari hii kamshonea mapazia. Nyumba yenyewe haina dirisha. Binti wa mwalimu mkuu kavunja uchumba, wanasema mwanamume ana meno ya kuazima. Na Mama Uji, wacha nikwambie, biashara imemshika. Watu wanakuja kuteka maji, wananunua kikombe, wanakaa, wanasengenya, wananishinda hata mimi. Siku hizi ananiambia, "Redio, kaa kidogo, upoze ulimi." Anaosha vikombe vyake kwenye beseni, ananipa cha kwangu chenye mkono wa bluu, hampi mtu mwingine.

Daftari nampa dereva, umwonyeshe daktari mkuu. Nimeandika kila siku, sikuruka hata moja.

Mvua zimeanza. Chemchemi inayoleta maji tankini imejaa, tanki linajaa mara mbili kwa siku, raha tupu.

Dada yako,
Redio


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Daktari mkuu kalishika daftari lako, kalipeleka ofisi nzima. Kasema kama vijiji vyote vingekuwa na mtu kama wewe tungefunga nusu ya wodi. Nimetembea siku nzima shingo juu.

Lakini hukunijibu. Njia gani? Uliwanyamazisha kwa njia gani?

Na kama tanki linajaa mara mbili, ni vijiko viwili, asubuhi kimoja na mchana kimoja. Daftari lina kimoja kwa siku. Labda umesahau kuandika. Mvua ndizo mbaya zaidi, zinaosha vyoo vya mlimani na kuvishusha kwenye chemchemi. Nijibu.

Mdogo wako,
Nesi


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu Nesi,

Leo sina habari za kuchekesha.

Watu wanahara. Si kuhara kwa kula vibaya, ni kuhara maji kama ya mchele uliooshwa, na kutapika. Alianza yule mzee mwenye kinu cha kusaga. Siku mbili tu, kafa. Halafu fundi cherehani, yule wa mapazia. Kafa asubuhi, na mke wake kashindwa hata kulia, naye alikuwa chini anahara. Jana mtoto wa mwalimu mkuu, wa miaka sita. Zahanati imejaa, wamelazwa chini, dripu zimekwisha. Paketi zangu nimezigawa nyumba kwa nyumba mpaka zimebaki kumi na moja. Nimetembea mpaka ndala zimekatika.

Watu wanaulizana ugonjwa umetoka wapi. Mtu akauliza kwenye foleni, "Hawa wote walikunywa wapi?" Mwingine akajibu, uji. Na kweli, Nesi, wote walikunywa uji wa Mama Uji. Mimi nilikuwa pale. Nikasema, sikuwa na nia, nikasema tu, "Na vikombe anaoshea beseni moja toka asubuhi mpaka jioni." Basi. Hilo tu. Lakini neno langu hapa unalijua, linafika nyumbani kabla yangu. Jioni wanawake wakamwaga uji wake barabarani, wakaponda sufuria kwa mawe. Alisimama akaangalia. Kasema, "Uji unachemka saa nzima. Kitu gani kinabaki hai humo?" Akanitazama mimi. Nikajifanya nafunga bomba.

Wanasema wakaguzi wa wilaya wanakuja kesho. Tanki nimelisafisha, lipo tayari.

Kuhusu maswali yako, nitakujibu, sasa hivi mambo mengi.

Dada yako,
Redio


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Wakaguzi wamerudi. Wamesema walipima maji ya bomba mbele yako, yakageuka waridi iliyokolea kuliko walivyowahi kuona. Daftari halina doa. Kwa hiyo maji yameondolewa kwenye tuhuma, na taarifa imeandikwa: chanzo ni vyombo vya uji, uuzaji wa uji umepigwa marufuku. Waliniita nisaini kwa sababu kijiji chenu kiko chini yangu. Nimesaini.

Nakutumia paketi mia mbili, zote nilizopata. Anza na wale wasio na mtu wa kuwaangalia. Kila anapohara, kikombe kizima. Akitapika, subiri kidogo, anza tena kwa kijiko. Usiache.

Nashukuru Mungu maji yako ni safi, dada. Ingekuwa maji, nisingejua pa kuweka uso wangu.

Mdogo wako,
Nesi


Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Mama Uji kafa.

Nitakueleza yote na usinikatize, nikikatizwa sitaendelea.

Baada ya taarifa kusomwa, walimfukuza kwenye foleni. Kila akija na ndoo wanasema, "Usiguse bomba letu na mikono hiyo." Akawa anateka mtoni. Watoto wanamfuata wanaimba. Nami nilikuwepo, na mtu wa dawa ni mimi, neno langu lingetosha. Mimi nikaendelea kupanga madumu.

Akaugua. Bibi, mama yake, akatuma mtu kwangu siku ya kwanza. Nikasema naja. Siku ya pili akatuma tena, nikasema naja, nikaenda nyumba nyingine tano kwanza, zote zina watu wa kuwaangalia. Siku ya tatu nikaenda. Paketi zako zilikuwa mkononi, nyingi, Nesi, sikupungukiwa. Nilikuwa naogopa macho yake tu.

Macho yalishaingia ndani. Ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nikamtilia kijiko, akameza, akameza cha pili, kisha akasema, sauti kama karatasi, "Redio, ule uji ulikuwa unachemka. Wewe ulikuwa unakaa hapo hapo." Nikasema najua. Akasema, "Basi ni nini?" Nikasema nyamaza, usijichoshe. Alipokata roho bado alikuwa ananisubiri nijibu. Mama yake ameketi ukutani na yale macho yake, anauliza, "Amelala?"

Sasa nakujibu swali lako la njia.

Nilipunguza dawa. Mwanzo nusu kijiko, harufu ikabaki kidogo. Nikatia ncha ya kijiko, harufu ikaisha, wakanisifu. Kikombe cha kupimia kilikuwa kinabaki cheupe kama maji ya mvua, nami naandika waridi. Halafu nikaacha kupima, naandika tu. Mvua zilipoanza tanki likawa linajaa mara mbili, mimi natia ile ncha mara moja, siku nyingine nasahau kabisa kwa mazungumzo. Nilijiambia bora wanywe ya bomba yenye dawa kidogo kuliko waende mtoni. Hilo ndilo nilijiambia. Ukweli ni kwamba nilipenda wanavyonipenda.

Siku wakaguzi wanakuja nilitia vijiko vinne kabla hawajafika. Ndiyo maana ilikolea.

Tangu siku ile natia kijiko kizima, viwili tanki likijaa mara mbili, na wagonjwa wamepungua mpaka karibu hakuna. Watu wanasema, unaona, tumemwondoa Mama Uji na ugonjwa umeondoka.

Mpelekee daktari mkuu barua hii. Andika vizuri unavyojua wewe. Mama Uji hakuua mtu.

Dada yako


Tarehe 7 Mei

Dada,

Barua yako nimeichoma. Usiiandike tena na usimwambie mtu, hata mzee wako.

Fikiria. Waliofariki hawarudi. Maji sasa yana dawa kamili, watu wanaamini bomba, hawaendi mtoni. Ukisema leo, kesho wote wataliacha bomba na kurudi mtoni, na utazika wengine. Hicho ndicho unachotaka? Na sahihi ya kwenye ile taarifa ni yangu. Jina lako nililitoa mimi. Hapa wodini tuko wauguzi wawili kwa vitanda thelathini. Nikiondolewa mimi anabaki mmoja.

Mama Uji amepumzika. Msaidie mama yake kimya kimya.

Maisha yako yote umesema yasiyotakiwa kusemwa. Mara hii moja tu, nyamaza. Nakuomba kwa tumbo lililotuzaa.

Mdogo wako,
Nesi


Tarehe 19 Mei

Nesi,

Nimesema.

Wiki iliyopita nilingoja foleni ijae, asubuhi, ndoo kama sitini. Nikapanda kwenye lile jiwe la bomba nikawaambia yote, kuanzia kijiko cha kwanza mpaka vile vinne vya wakaguzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe. Nilivaa nguo mbovu ili nzuri isichanike, ona akili yangu.

Hawakunirushia hata kokoto. Walinicheka. Mke wa mwenye duka kasema, "Redio leo imekamata stesheni gani?" Basi wote wakaangua. Mwenyekiti akanishika mkono kwa upole kunishusha, kasema, "Dada yetu umechoka, umehudumia wagonjwa wengi. Huruma imekuzidi." Nikamwambia mwenyekiti, fundi cherehani nimemuua mimi. Kasema, "Taarifa ya wilaya imeandikwa, ina muhuri, imesainiwa na mdogo wako mwenyewe. Unataka kusema nesi ni mwongo?" Nikatazama wale waliovunja lile sufuria, mmoja mmoja. Hakuna aliyenitazama. Hapo nikaelewa. Wakiniamini mimi itabidi wakumbuke mawe waliyoshika. Kwa hiyo uliogopa bure, bomba hawajaliacha. Wameteka, wamekwenda zao.

Aliyeniamini ni mmoja. Bibi alikuwa mwisho wa foleni, ameletwa na jirani na kidumu chake cha lita tano. Alisubiri wote waondoke. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaniuliza, "Siku ile anakuuliza ni nini, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akafungua kidumu, akakiinamisha, maji yakatoka polepole mpaka tone la mwisho, akashika njia ya mtoni akipapasa kwa fimbo.

Tangu siku ile anakunywa ya mto. Kila asubuhi namwekea dumu safi mlangoni, kila jioni nakuta limemwagwa. Mlango wake una tope na mvua zimekatika siku nyingi. Nimemwomba, nimempigia magoti, nimemtuma mzee wangu, nimemtuma mwenyekiti. Anamjibu kila mtu neno moja: "Maji ya watu waliomfukuza mwanangu siyanywi."

Jana ameanza kuhara.

Nipo kwake sasa, nakuandikia gotini. Nimekoroga paketi, nampa kwa kijiko, anafunga meno. Nikampa jirani ampe, anafunga. Paketi zimejaa sandukuni, tatu nimeshakoroga na kumwaga. Saa nzima nilikaa bila kusema kitu. Ukisimuliwa hutaamini. Mwisho yeye ndiye akasema. Alisema, "Utawaambia tena?" Nikasema hata kila siku, Bibi, lakini hawaniamini. Akafikiri. Kasema, "Yule aliyesaini watamwamini. Aje aseme pale bombani, wakiwepo wote. Mimi nikisikia nitakunywa."

Nikamwambia zahanati iko mbali na wilaya ni mbali zaidi. Kasema, "Mwanangu alikusubiri siku tatu. Na mimi nasubiri."

Dereva anageuza gari, barua hii itakufikia leo jioni, na kesho alfajiri gari linarudi huku na dawa, kuna nafasi moja mbele. Dripu lete, lakini usidhani dripu inatosha, mkono ataukunja. Njoo useme. Mimi nilikuambia ukweli ukauchoma, sawa, nilikuzoesha uongo wangu. Yeye hajakukosea kitu.

Nimemgusa mkono sasa hivi, ngozi nimeivuta. Inarudi bado, taratibu.

Dada yako